Ramani Iliyoishia Relini

Mimi ndiye niliyeichora.
Siku kumi na tisa ofisini, feni ikikoroma juu ya kichwa,
nikaupanga upya mjini kati: taa za sola kila hatua ishirini,
matofali mekundu, mabenchi, miarobaini kwenye visanduku vya saruji,
vibanda sitini vya mabati ya rangi moja.
Maduka yaliyoshusha mageti tangu maofisi yahamie Mtumba
niliyapaka manjano,
kana kwamba wino huita wateja.

Upande wa kusini karatasi ikaisha.
Relini, basi. Ng'ambo nikaacha nyeupe.
Sikuwa na nia mbaya. Karatasi ndiyo iliyokuwa fupi.

Siku ya kikao tuligawa maji ya chupa
na maneno: uwekezaji, mvuto, hadhi ya makao makuu.
Bwana Hirji wa duka la vitambaa akauliza maegesho.
Kijana wa benki akauliza kamera.
Ndipo akanyanyuka Perusi Chedego wa Ntyuka,
kitenge kimekazwa kiunoni kama aliyekuja kupalilia,
akaja mpaka mezani. Kipaza sauti hakukiomba.

Akamimina karanga za kukaanga pale peupe.
"Mimi natokea hapa."
Akaweka fungu la mlenda mkavu. "Huu wa Mpunguzi."
Ubuyu, kiganja kimoja. "Huu wa Mvumi.
Zabibu sikuzileta, zinapondeka,
ila shamba lenyewe liko hapo, chini ya kiwiko chako."

Nikaondoa kiwiko.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ndivyo mlivyotuambia makao makuu yalipokuja.
Wenyeji ni sisi.
Mbona homa haijashuka?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa natazama
mafuta ya karanga yakinywewa na karatasi,
doa likitambaa, likivuka reli
bila kibali cha mtu.

Baadaye akanieleza kwa hesabu, si kwa kilio:
fuso inamshusha saa kumi na moja alfajiri,
geti la soko linafunguliwa saa mbili,
hapo katikati kuna madalali watatu na mgambo mmoja,
na wote wanne wanakula kabla yake.
"Kibanda chenu laki na nusu kwa mwezi.
Debe la karanga unalijua bei?"
Sikuijua.
Niliijua bei ya matofali.

Nikabandika karatasi tatu kwa gundi.
Ramani ikazidi meza, ikaning'inia hadi sakafuni;
mkubwa wangu akauliza hilo shuka ni la nani.
Tulibishana miezi minne.
Kivuko cha miguu juu ya reli tulikipata.
Geti la alfajiri tulilipata.
Ushuru wa kulipa kwa siku, kwa asiyeuza kila siku,
tuliupata kwa vibanda ishirini na viwili, si sitini.
Choo kingali "awamu ya pili".

Jumamosi hii nimepita.
Bwana Hirji amefungua mlango wa nyuma, ule uliokuwa umeshikana kwa kutu,
maana wauza mlenda hawapandi fuso mikono mitupu:
khanga, sare ya shule, kiberiti.
Noti moja ya elfu mbili, imechanika sikio,
nimeiona mikononi mwa watu wanne kabla ya saa nne,
na bado haijatoka mtaa huu.

Kibanda namba kumi na saba ni kitupu.
Korongo la njia ya Mpunguzi limejaa usiku, wanasema,
watu wamekaa na mizigo yao upande wa pili
wakisubiri maji yapungue.
Korongo hilo halimo kwenye ramani,
hata kwenye zile karatasi za gundi.

Perusi ananipimia kikombe, anatia na nyongeza.
"Lete karatasi nyingine," anasema,
bila kuniangalia, akitafuta chenji.